Viko vya bei mbaya: faida ya kweli au mtaji kulala kabatini?

MFANYABIASHARA mwenye duka la zawadi Unguja, awe Amani, Darajani au ndani ya vichochoro vya Mji Mkongwe, akishauza viko vya tumbaku kwa msimu mmoja au miwili hujikuta mbele ya uamuzi mgumu. Je, aendelee na viko vya bei poa visivyo na jina, au apande ngazi na kununua vya bei mbaya, ambavyo kimoja tu huweza kula mtaji wa viko kumi na tano vya kawaida?

Kwa haraka haraka jibu linaonekana rahisi. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini katika biashara ya bidhaa isiyotoka kila siku, kizuri nacho huweza kukaa kabatini mwaka mzima kikisubiri mnunuzi, huku pango, umeme na kodi vikiendelea kudai. Hivyo kabla ya kutoa fedha, mfanyabiashara anapaswa kujua mambo matatu: bei ya kiko inatokana na nini, nani anakinunua, na fedha iliyoingia humo itarudi baada ya muda gani.

Bidhaa yenye mizizi

Kiko si kitu kigeni Visiwani. Lugha yenyewe inashuhudia. Wazee wa pwani walikuwa na kiko cha maji, na kila sehemu yake ilikuwa na jina lake: bori ni kile kikombe cha kutilia tumbaku, digali ni bomba linaloteremsha moshi kwenye maji, kiko chenyewe ni chombo cha maji ambacho mara nyingi kilikuwa kifuu cha nazi, na shilamu ni bomba la kuvutia mdomoni. Ule mlio wa maji yakitokota uliitwa malio. Kiko kikavu cha mkononi kiliitwa pia mtemba.

Hata hivyo, matumizi ya watu wengi yalihamia kwenye sigara, na wengine wakabaki na tumbaku ya kutafuna au ugoro. Kwa hiyo anayepanga kuuza viko leo asijidanganye kwamba atategemea mzee wa mtaani. Mteja wake ni mgeni: mtalii anayetafuta ukumbusho, mvutaji wa Ulaya aliye likizoni, na mkusanyaji wa vitu vya kale. Hao ni wateja watatu tofauti, na kila mmoja ana bei yake.

Wageni wapo. Mwaka 2023 Zanzibar ilipokea watalii zaidi ya 638,000. Lakini soko hilo lina homa zake. Mwaka 2020, ugonjwa wa Uviko-19 ulipofunga safari za dunia, idadi hiyo ilishuka hadi karibu 260,000, kutoka zaidi ya 538,000 mwaka 2019. Aliyekuwa amefunga mtaji wake katika bidhaa ghali za watalii aliona maana ya fedha kulala.

Kwa nini kimoja ni ghali kuliko kingine

Kundi la chini kabisa ni viko vya gunzi la mahindi. Kampuni ya Missouri Meerschaum ya mji wa Washington, jimbo la Missouri, Marekani, imekuwa ikivitengeneza tangu mwaka 1869, na bado huuzwa kwa dola chache. Havina urembo mkubwa, lakini vinavuta vizuri. Hilo peke yake ni onyo: bei kubwa si lazima ilete mvuto bora.

Kundi la pili ni viko vya brayari. Hii ni fundo linaloota kwenye shina la mti uitwao Erica arborea, kati ya mzizi na tawi. Mti huo huota pia kwenye milima ya Afrika Mashariki, ukiwemo Kilimanjaro, lakini mafundo ya biashara hutoka nchi zinazopakana na bahari ya Mediterania. Hukatwa, huchemshwa ili kutoa utomvu, kisha huachwa yakauke kwa miezi na hata miaka. Vipande vingi hukutwa na vishimo na nyufa. Vyenye dosari huzibwa na kupakwa rangi nzito, navyo huuzwa rahisi. Vile vichache visivyo na dosari, ambavyo mistari ya mti inaonekana imenyooka kutoka chini hadi juu, ndivyo vinavyopandishwa bei.

Hapo ndipo jina nalo linapoingia. Alfred Dunhill alifungua duka lake la tumbaku katika mtaa wa Duke Street, London, mwaka 1907, na viko vyake vikajulikana kwa nukta nyeupe juu ya mdomo wa kiko. Kiko kipya cha jina hilo hugharimu mamia ya dola. Peterson wa Dublin, Ireland, alipata hataza mwaka 1890 ya kiko chenye kijishimo cha kukusanya unyevu ili usimfikie mvutaji mdomoni. Katika mfano huo wa Peterson mnunuzi analipia kazi inayoonekana. Katika nukta nyeupe analipia kazi, lakini pia analipia jina.

Kundi la tatu ni viko vya jiwe jeupe, ambalo wataalamu wa madini huliita sepiolaiti. Wenye biashara ya viko hutumia jina la Kijerumani lenye maana ya 'povu la bahari'. Ni jiwe jepesi, lenye vitundu visivyoonekana vinavyonyonya unyevu, na hubadilika rangi polepole kuelekea kahawia kadiri kinavyovutwa. Machimbo yake mashuhuri yako Eskişehir, Uturuki.

Na hapa ndipo habari inaporudi nyumbani.

Somo la Arusha

Katika miaka ya 1950, sepiolaiti ya bonde la Amboseli, eneo la Sinya mpakani mwa Tanzania na Kenya, ilianza kuchimbwa kwa biashara. Kampuni ya Tanganyika Meerschaum Corporation iliyafanyia kazi madini hayo, na Arusha ikawa mahali pa kutengenezea viko vilivyouzwa nchi za nje. Chapa iliyojulikana zaidi ilibeba neno la Kiswahili lenyewe, Kiko, pamoja na alama ya tembo. Madini hayo yalitumika pia nje: kampuni ya Laxey Pipes ya kisiwa cha Man, kati ya Uingereza na Ireland, ilitengeneza viko kwa sepiolaiti ya Tanzania.

Kwa nini basi Kiko cha Arusha hakikufikia bei ya viko vya Uturuki au vya London? Sababu ya kwanza ni malighafi. Jiwe la Amboseli kwa kawaida ni gumu zaidi na halina weupe safi wa lile la Eskişehir, hivyo mara nyingi lilipakwa rangi ya kahawia, nyeusi au manjano, au likatumika kama utando wa ndani wa kiko cha mti. Sababu ya pili ni kazi ya mkono. Mafundi wa Uturuki walijijengea sifa ya kuchonga vichwa vya watu, maua na wanyama, na katika miaka ya 1970 Uturuki ilizuia kusafirisha nje jiwe ghafi ili uchongaji ubaki nyumbani. Kiko cha Arusha kilikuwa chombo imara cha mvutaji wa kawaida.

Leo viko vya chapa hiyo hupatikana zaidi katika soko la vitu vilivyokwishatumika, na kwa kawaida huuzwa kwa makumi ya dola, si mamia. Kwa mfanyabiashara wa Unguja hiyo ni habari njema. Ni bidhaa yenye jina la Kiswahili, yenye alama ya tembo, iliyotengenezwa nchini, na ambayo mtalii hawezi kuikuta katika kila duka la uwanja wa ndege. Ina hadithi ya kweli, na hadithi ya kweli huuza bila kuhitaji uongo.

Lakini tahadhari inahitajika katika kusoma maandishi yake. Kiko kilichopigwa mhuri kwamba kimetengenezwa Tanganyika kina dalili ya kuwa cha kabla au karibu na mwaka 1964, mwaka ambao Tanganyika na Zanzibar ziliungana na jina la Tanzania likaanza kutumika. Kilichoandikwa Tanzania ni cha baadaye. Hata hivyo, jina la kampuni pekee lisichukuliwe kuwa ushahidi wa umri, kwani kampuni nyingi hubaki na jina la zamani baada ya nchi kubadili lake. Kinachotazamwa ni maneno yanayotaja nchi ya kutengenezwa.

Hesabu ya daftari

Tuchukue mfano wa mfanyabiashara wa Amani aliyetenga shilingi 1,200,000 kwa ajili ya viko. Tarakimu hizi ni za mfano tu, lakini njia ya kukokotoa ndiyo muhimu.

Akinunua viko 60 vya kawaida kwa shilingi 20,000 kila kimoja, na akaviuza kwa shilingi 32,000, anapata shilingi 12,000 kwa kila kiko. Akiuza 10 kwa mwezi, mzigo unakwisha kwa miezi sita na faida ghafi ni shilingi 720,000. Akirudisha mtaji ule ule sokoni, kwa mwaka atakuwa amepata shilingi 1,440,000.

Akinunua viko vinne vya bei mbaya kwa shilingi 300,000 kila kimoja, na kuviuza kwa shilingi 480,000, faida ya kila kimoja ni shilingi 180,000. Vinne vikiisha faida ghafi ni shilingi 720,000 zile zile. Ukiangalia juu juu utaona mizani imelingana, tena kwa kazi ndogo zaidi.

Tofauti iko kwenye muda. Ili kulingana na viko vya kawaida, vile vinne vinapaswa kuisha ndani ya miezi sita, yaani kimoja kila mwezi na nusu. Vikitoka kimoja kila miezi mitatu, mtaji umezunguka mara moja tu kwa mwaka, na faida imebaki shilingi 720,000, nusu ya ile ya kwanza. Ili kufidia mwendo huo wa kobe, ingebidi kila kiko kiuzwe shilingi 660,000 badala ya 480,000. Mgeni anayejua bei za kwao atacheka na kutoka.

Kuna na jambo la kupatana. Mteja wa kiko cha shilingi 32,000 akiomba apunguziwe, muuzaji hutoa 2,000 na biashara ikaisha kwa tabasamu. Mteja wa kiko cha shilingi 480,000 huanza kwa kutaja 350,000. Akifikiwa kwenye 400,000, faida imeshuka kutoka 180,000 hadi 100,000. Biashara haigombi, lakini punguzo moja la namna hiyo limekula zaidi ya theluthi moja ya faida.

Dola nayo ina neno lake. Viko vya nje hununuliwa kwa fedha za kigeni. Shilingi iliyokuwa karibu 2,300 kwa dola moja mwaka 2022 ilifika zaidi ya 2,600 katikati ya mwaka 2024, kabla ya kuimarika tena mwishoni mwa mwaka huo. Kiko cha dola 100 kilichogharimu shilingi 230,000 kiliongezeka shilingi 30,000 au zaidi kabla hata ya nauli na ushuru. Aidha, kanuni za matumizi ya fedha za kigeni za mwaka 2025 zinazuia kutangaza bei za ndani kwa dola, hivyo kibandiko cha bei dukani kiwe cha shilingi. Anayenunua kwa dola na kuuza kwa shilingi ndiye anayebeba hatari ya mabadiliko, na kadiri kiko kinavyokaa kabatini ndivyo anavyoibeba kwa muda mrefu zaidi.

Hatari zisizoandikwa kwenye bei

Hali ya hewa ya Unguja haina huruma. Midomo mingi ya viko imetengenezwa kwa ebonaiti, yaani mpira uliogumishwa kwa salfa. Ikianikwa kwenye mwanga wa jua hugeuka rangi, weusi unapotea na kuja ukijani wenye kahawia. Kiko cha shilingi laki tatu kilichowekwa dirishani kuvutia wapita njia kinaweza kupoteza thamani yake kwa msimu mmoja. Midomo ya akriliki haina tatizo hilo. Jiwe la sepiolaiti nalo ni rahisi kuvunjika na linanyonya unyevu, hivyo likae ndani ya kisanduku chake, mbali na mikono yenye mafuta.

Bandia ni hatari ya pili. Nukta nyeupe ni rahisi kuiga. Palipo na jina kubwa na bei ndogo, muuzaji ajiulize kwa nini bahati hiyo imemfuata yeye. Kuna pia viko vya unga wa sepiolaiti ulioshindiliwa, ambavyo si sawa na vilivyochongwa kutoka kipande kimoja cha jiwe.

Hatari ya tatu ni sheria. Kiko cha kale chenye kipande cha pembe ya ndovu ni cha kukaa mbali nacho, hata kama muuzaji anaapa kuwa ni cha babu yake. Biashara ya kimataifa ya pembe imezuiwa na mkataba wa CITES tangu mwaka 1989, na mgeni akikamatwa nacho uwanja wa ndege, swali la kwanza litakuwa alikinunua wapi. Mpingo nao, pamoja na jamii yake yote, umekuwa chini ya uangalizi wa mkataba huo tangu Januari 2017. Vitu vidogo vilivyokamilika vimepewa nafuu, lakini anayetaka kusafirisha shehena aulize kwanza.

Upepo wa sera nao unavuma upande mmoja. Tanzania imo katika mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku tangu mwaka 2007. Julai 2016 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alipiga marufuku shisha, na Kenya ikafuata Desemba 2017. Waliokuwa wamejaza vyombo vya shisha dukani walijikuta na mzigo usiouzika. Kiko cha mkono si shisha, lakini somo ni lile lile: bidhaa ya tumbaku huweza kugeukwa na sheria kwa siku moja. Kwa kuwa afya si jambo la Muungano, mwenye duka Unguja aulize taratibu za Zanzibar na asitegemee alichosikia Dar es Salaam.

Wapo pia wafanyabiashara ambao dini haiwaruhusu. Masheikh wengi huiona tumbaku kuwa haramu au makruhu, na wapo wanaoona kuuza vyombo vyake ni sawa na kuuza yenyewe. Hilo ni la mtu na dhamiri yake, lakini liamuliwe kabla ya kununua mzigo, si baada.

Na asitokee muuzaji wa kumwambia mteja kwamba kiko ghali kina moshi usiodhuru. Uvutaji wa tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 duniani kila mwaka, na moshi haujui kiko kilinunuliwa kwa shilingi ngapi.

Namna ya kukagua

Aliyeamua kununua akague kwa mkono wake mwenyewe. Apitishe kijiti laini cha kusafishia kutoka mdomoni. Kikifika chini ya kikombe bila kukwama, tundu limetobolewa sawa. Tundu lenyewe litokeze katikati na chini kabisa, si ubavuni. Mdomo na shingo vishikane bila mwanya. Rangi nzito yenye kung'aa kama kioo ichunguzwe, maana mara nyingi inaficha vishimo vilivyozibwa. Kikombe kilichotumika kiangaliwe ndani kama hakijaungua wala kupasuka. Chapa na maandishi viwe vinasomeka, kwani kiko cha kale kikipoteza maandishi kimepoteza nusu ya bei.

Uamuzi

Kwa mfanyabiashara mdogo, hesabu inaonyesha kwamba kuhamisha mtaji wote kwenye viko vya bei mbaya ni kamari. Lakini kubaki na vya kawaida peke yake ni kuacha fedha mezani, kwa sababu mkusanyaji akiingia na kukuta vya rangi nzito tu, hatarudi.

Njia ya kati ni kuanza na robo. Kati ya zile shilingi 1,200,000, shilingi 900,000 zibaki kwenye bidhaa inayozunguka, na 300,000 zijaribu soko la juu. Tena robo hiyo isiende kwenye jina kubwa la London, ambalo mteja anaweza kulipata kwao akiwa na risiti na dhamana. Itafute viko vya Arusha vyenye tembo vilivyo katika hali nzuri, vinavyonunuliwa kwa makumi ya dola. Kwa bei ya kimoja cha London hupatikana kadhaa vya Arusha, na kila kimoja kinaweza kuuzwa pamoja na maelezo yake: jiwe la Sinya, mikono ya Arusha, neno la Kiswahili.

Kila kiko kiandikwe tarehe ya kuingia, bei ya kununulia na tarehe ya kutoka. Kisichotoka ndani ya miezi sita kishushwe bei hadi gharama yake na fedha irudi kazini. Vikitoka vyote ndani ya miezi mitatu, robo inaweza kuwa theluthi msimu ujao. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kiko cha shilingi laki tatu hupotea haraka kuliko cha elfu ishirini.